Vema Mia na Ishirini na Sita

Nyumbani kwetu kulikuwa na sentensi moja niliyoijua hata kabla sijajua kusoma: "Tayari, bado vifungo tu."

Mama yangu ni fundi wa nguo. Chumba chetu cha mbele, kinachotazama barabara, ndipo kazini kwake. Cherehani iko dirishani, meza ya kukatia iko katikati, na ukutani kuna kamba ya nguo zilizokamilika, ambazo siku zote ni chache kuliko wateja wanavyotaka. Mteja akija kuuliza nguo yake, kazi yangu ilikuwa kwenda mlangoni, kusalimia kwa adabu na kusema sentensi ile. Nyuma yangu gauni la mteja huyo lilikuwa bado kitambaa, limekunjwa vilevile alivyolileta.

Nilikuwa hodari, sikatai. Mteja wetu mmoja, mwenye duka la vifaa vya shule, tulimpa jina la Mama Haraka kwa sababu kila kitu alikitaka jana. Siku moja nilimwambia gauni lake limebaki vifungo tu. Akaondoka, akafika barabarani, kisha akarudi mbio. "Wewe mtoto! Gauni langu si la zipu?" Nikamjibu bila kupepesa macho, "Ndiyo, mama, na zipu nayo imebaki." Ndani mama alicheka mpaka akashika ukuta. Aliniita Katibu, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri na mimi ndiye niliyeandika vipimo vya wateja kwenye daftari. Kwa jinsi alivyofurahi siku ile, niliona kudanganya kidogo ni sehemu ya ushonaji.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, mama aligusa uvimbe kwenye titi lake la kushoto wakati anaoga. Ulikuwa mdogo kama punje ya haragwe. Alikwenda hospitali wiki hiyohiyo, akapimwa, akaambiwa ni saratani. Madaktari walimsifu kwa kuwahi. Walimfanyia upasuaji, wakaondoa uvimbe na sehemu kidogo iliyouzunguka, wakaliacha titi. Waliondoa pia tezi chache kwapani ili kuzipima. Baadaye, walisema, angehitaji tiba ya mionzi ili kuua chochote kilichojificha ndani.

Baba ni dereva wa malori ya masafa marefu. Alipata ruhusa ya siku tano, kisha akarudi barabarani akiwa na uso wa mtu aliyesahau kitu nyumbani. Tukabaki mimi na mama.

Siku ya kutoka wodini, sista alitupa karatasi yenye miraba mingi. "Mama atasimama mbele ya ukuta," alisema, "apandishe vidole vya mkono wa kushoto taratibu mpaka mkono unyooke juu. Mara kumi asubuhi, mara kumi mchana, mara kumi jioni, kwa wiki sita. Mkono usiponyooka, mionzi haitawezekana. Umenielewa, binti? Wewe ndiye msimamizi. Akimaliza, weka alama ya vema kwenye mraba."

Nikasema nimeelewa.

Siku mbili za mwanzo mama alijitahidi. Alipandisha vidole ukutani, akafika usawa wa bega, akasimama, akafumba macho. Machozi yalimtoka bila sauti. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu nyuma yake, sijui nifanye nini na mikono yangu. Siku ya tatu alikaa kwenye cherehani akasema, "Leo tuache, mwanangu. Nauhisi mshono unavutika. Mshono mpya hauvutwi. Ukiuvuta kabla haujakaa, unafumuka. Hilo nalijua tangu sijakuzaa."

Nilimwamini. Nani mtaa mzima alijua mishono kuliko mama? Na kusema kweli nilifurahi, kwa sababu sikutaka kuyaona tena yale machozi.

Ila jioni ile miraba mitatu ilikuwa mitupu, na karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani mbele ya macho yangu. Nikachukua kalamu nikaweka vema tatu. Mama aliniona. Akaendelea kushona. Kesho yake niliweka nyingine tatu, na keshokutwa vilevile. Kila mara walipokuja majirani kuuliza hali, niliwaonyesha karatasi. "Mama yako anajitahidi!" walisema. Mama naye alikuwa anashona, maana mkono wa kushoto kwenye cherehani huongoza kitambaa hapo chini tu, hauhitaji kupanda popote. Ungemwona usingejua kwamba hawezi hata kuchukua kikombe kwenye rafu. Vikombe nilivishusha mimi.

Wiki sita zilipokwisha karatasi ilikuwa na vema mia na ishirini na sita. Sita ndizo zilizokuwa za kweli.

*

Chumba cha daktari wa mionzi kilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu. Tulikaa kwenye benchi tukiwa na namba yetu mkononi, kati ya watu waliokaa kimya. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kijani, lile analovaa akitaka wateja wapya wamwone. Mimi nilikuwa na daftari la vipimo. Kwenye ukurasa wa nyuma tulikuwa tumeandika maswali manne.

Daktari alikuwa mama mtu mzima, mwenye miwani na sauti ya taratibu. Koti lake jeupe lilikuwa limepungukiwa kifungo cha pili kutoka juu.

"Shikamoo, daktari," nikasema.

"Marahaba, binti. Umemsindikiza mama?"

"Huyu ndiye katibu wangu," mama akasema. "Mimi nikisahau, yeye anaandika."

"Vizuri sana. Basi andika, maana leo tuna mambo ya kuchagua." Alivuta kiti karibu. "Mama, uvimbe umetoka wote. Lakini mbegu ndogo zinaweza kubaki, hatuzioni. Mionzi inapunguza sana uwezekano wa ugonjwa kurudi kwenye titi. Kuna njia mbili. Ya kwanza, wiki tatu, kila siku isipokuwa mwisho wa wiki, dozi za kila siku zikiwa kubwa kidogo. Ya pili, wiki tano, dozi ndogondogo. Kwa mtu mwenye hali kama yako zote mbili zinafanya kazi karibu sawa. Kwa kuwa ni upande wa moyo, tutakufundisha kubana pumzi mashine inapofanya kazi, ili moyo ukae mbali. Ngozi inaweza kuwa nyekundu na kuwasha. Utachoka. Ungependa ipi?"

Nilikuwa naandika, lakini herufi zangu zilikuwa zinapanda juu ya mstari. *Wiki tatu. Wiki tano. Moyo.* Nilimtazama mama nikaona anatazama koti la daktari. Baadaye aliniambia kwamba katika maneno yote yale alichokumbuka ni kile kifungo kilichokosekana tu, na kwamba alikuwa anawaza angekishona kwa uzi gani.

"Daktari, wewe chagua tu," mama akasema kwa sauti ndogo. Sikuwahi kumsikia mama akiongea hivyo. Huyu ndiye aliyebishana na wenye maduka ya vitambaa mpaka wakamkimbia.

"Nitakushauri, lakini mwili ni wako," daktari alisema. "Una maswali?"

Nikasukuma daftari. Mama hakulitazama. Nikayasoma mimi. Mionzi inauma? Haiumi, inapopigwa hutahisi kitu. Nywele zitatoka? Za kichwani, hapana. Ataweza kushona? Akijisikia nguvu, ndiyo. Swali la nne lilikuwa la mama mwenyewe na nilishindwa kulisoma, kwa hiyo nikafunga daftari. Lilisema: *Nisipofanya itakuwaje kwa mtoto?*

"Karatasi ya mazoezi mmekuja nayo?" daktari akauliza.

Nikaitoa. Daktari aliitandaza mezani, akavua miwani, akavaa tena.

"Haijakosekana hata moja! Mama, hongera. Ningekuwa na wagonjwa kumi kama wewe ningelala usingizi mzuri. Basi hatuna sababu ya kungoja. Leo kuna nafasi kwenye chumba cha kupimia. Watakulaza, watakuchora alama, na Jumatatu tunaanza wiki tatu. Sawa?"

"Sawa," mama akasema. Hakunitazama. Mimi pia sikumtazama.

*

Mlango wa chumba cha kupimia ulikuwa mzito, na watoto hawaruhusiwi. Nilikaa nje. Kupitia mlango nilisikia sauti ya kijana wa mashine akisema, "Mikono yote miwili juu ya kichwa, mama. Juu zaidi. Zaidi kidogo." Halafu: "Jaribu tena, mama yangu." Kisha nikasikia sauti ya mama, sauti aliyoizuia kwa siku nyingi, ikamtoka yote kwa mara moja.

Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Sikuwa na la kufanya. Ningeweza kuupiga teke ule mlango, lakini mkono wa mama usingepanda kwa ajili hiyo.

Alitoka amejifunga khanga ya hospitali, anaushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia. Kijana wa mashine alituongoza kurudi kwa daktari. "Mkono unafika usawa wa sikio tu," alimwambia daktari. "Na hapo anatetemeka. Hatuwezi kumpiga mionzi hivyo, mkono uko njiani."

Daktari alimkagua mama kwa upole nyuma ya pazia. Aliporudi mezani uso wake ulikuwa umebadilika. Alichukua karatasi yangu akaisoma upya, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta kosa lake mwenyewe.

"Hili limenishangaza," alisema. "Mtu aliyefanya mazoezi haya yote mkono wake haupaswi kuwa hivi. Kama wiki sita za mazoezi hazikusaidia, basi nahofia wiki nyingine sita nazo hazitasaidia, na muda hatuna. Mionzi isicheleweshwe mno." Akaisukuma karatasi kando. "Kuna njia ya tatu, mama. Sikuitaja kwa sababu sikuona haja. Ni kukurudisha kwa daktari wa upasuaji aondoe titi lote. Kwa hali yako huenda hapo usihitaji mionzi tena. Ni upasuaji mkubwa kuliko ule wa kwanza. Siyo ninalolipenda, lakini kwa mujibu wa karatasi hii, ndilo lililobaki."

Nilimtazama mama. Sasa ataongea, nikajiambia. Sasa atasema. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua pindo la khanga.

"Kama ndilo lililobaki, basi sawa," akasema.

Daktari alichukua kalamu na fomu. Akaanza kuandika. Nilisikia kalamu ikipita kwenye karatasi, na kila neno lililoandikwa lilikuwa linatoka kwangu, kwenye vema zangu. Nilijua nikisema mama ataaibika mbele ya mtu mkubwa, na aibu hiyo ningempa mimi, mwanawe. Nilijua pia kwamba nisiposema wataukata mwili wake kwa sababu ya uongo niliouandika kwa mwandiko mzuri.

"Daktari," nikasema. Hakuinua kichwa. Nikarudia. "Daktari, vema hizo ni zangu."

Kalamu ikasimama. "Zako vipi?"

"Mama alifanya siku mbili. Sita za kwanza ndizo za kweli. Zilizobaki niliweka mimi, bila mazoezi." Nikaanza kulia, na nikilia huwa siwezi kuacha kuongea. "Alikuwa anaumia. Sikutaka kumwona. Naomba usimkate. Nikate mimi alama, shuleni huwa tunakatwa alama, naomba..."

"Katibu," mama akasema. Akanishika bega kwa mkono wake mzima. "Nyamaza, mwanangu. Daktari, asilaumiwe mtoto. Nilimwona anaandika, nikamwacha. Mimi ndiye mtu mzima." Akavuta pumzi. "Niliogopa mshono utafumuka. Mimi ni fundi. Naijua mishono."

Nilitegemea daktari atafoka. Badala yake aliweka kalamu chini, akaegemea kiti, na nikaona mabega yake yameshuka. Alikuwa anacheka kwa chini, au karibu kulia, sikujua lipi.

"Hamjui mmenipa habari nzuri kiasi gani," alisema. "Dakika moja iliyopita nilikuwa na mkono ulioshindwa mazoezi. Sasa nina mkono ambao haujafanya mazoezi. Hiyo ni mikono miwili tofauti kabisa!" Akaichana ile fomu vipande viwili. "Mama, sikiliza. Kitambaa hakina uhai, hakijishoni. Ngozi iko hai. Zile nyuzi tuliziweka ziishike kwa muda tu, mpaka yenyewe ijiunge."

Mama akainua kichwa. "Kwa hiyo zilikuwa bandi tu? Zile nyuzi za kushikizia kabla ya kushona?"

"Bandi tu. Ngozi yako ilishajishona yenyewe siku nyingi. Usipoinyoosha ndipo inapovutana na kuganda. Tena ungenieleza hofu hii siku ya kwanza, ningekujibu siku ya kwanza."

Kisha alinigeukia mimi. Hapo hakucheka.

"Binti, mimi siwezi kuingia nyumbani kwenu nikaona. Nina karatasi mnazoniletea na maneno mnayoniambia, na kwa hayo nachagua tiba. Mkiniletea uongo, nitachagua tiba nzuri kabisa, lakini ya mtu mwingine. Mraba mtupu haunikasirishi. Mraba mtupu unaniambia mgonjwa wangu anaumia na anahitaji msaada. Ukiujaza, umeniziba macho. Umeelewa?"

"Nimeelewa," nikasema, na safari hii nilikuwa nimeelewa.

*

Alitupa wiki mbili na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na karatasi mpya.

Sitaki kuwadanganya kwamba wiki hizo zilikuwa rahisi. Mama alipandisha vidole ukutani na kulia, safari hii kwa sauti, na mimi nilisimama nyuma yake nahesabu. Sikuweza kumpunguzia maumivu hata kidogo. Nilichoweza ni kuchora kwa chaki ya kukatia nguo mstari pale vidole vilipofika, na kesho yake kuchora mwingine. Siku mbili alishindwa kabisa, na miraba yake ikabaki mitupu. Iliniwasha mkono, lakini nikaiacha. Mtaalamu alipoiona alibadilisha zoezi, akampa lingine la kulala chali, na hilo mama aliliweza.

Siku ya kumi na mbili mama alichukua kikombe kwenye rafu. Akamimina chai. Mimi nilikwenda uani nikalia huko.

Tuliporudi kwa daktari mkono ulipanda. Mama alisoma maswali mwenyewe, hata lile la nne, na akajibiwa ukweli mtupu. Alichagua wiki tatu. Ngozi yake ikawa nyekundu, akachoka, kuna siku alilala juu ya vitambaa mchana kweupe. Siku ya mwisho alimshonea daktari kile kifungo, palepale ofisini, kwa uzi mweupe.

"Nimepona?" akauliza huku akikata uzi.

Ningependa daktari angesema ndiyo. Nadhani na yeye angependa. Alimshika mama mkono wa kushoto.

"Siwezi kusema hivyo bado, mama. Tumefanya yote yaliyotakiwa, na dalili ni nzuri. Njoo baada ya miezi mitatu tutazame. Nikijua, nitakwambia. Nisipojua, pia nitakwambia."

Njiani mama aliukunja na kuukunjua mkono wake wa kushoto. Halafu akasema, "Neno lenyewe ni gumu, lakini afadhali nimeambiwa. Sasa najua pa kukanyaga. Mimi wateja wangu nimewaacha wakikanyaga hewa miaka yote." Akanitazama. "Na nikakufundisha na wewe. Nisamehe, Katibu. Mtu anapokuuliza, maana yake anataka kupanga jambo lake. Ukimdanganya, umempangia wewe, tena vibaya."

Tulipofika nyumbani tulimkuta Mama Haraka mlangoni, mikono kiunoni. Alikuwa ameleta kitambaa kabla ya upasuaji, na kitambaa kilikuwa pale mezani, kimekunjwa vilevile.

"Katibu! Gauni langu?"

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe kwa mazoea. Nikaufunga. Nikamtazama mama. Mama aliingia, akanyoosha mkono wake wa kushoto juu, juu kabisa, akashusha utepe wa kupimia kutoka kwenye msumari.

"Bado, dada yangu," mama alisema. "Hata kulikata sijalikata. Nilikuwa naumwa saratani, na bado sijajua kama imekwisha. Ingia nikupime."